Majibu Wapewayo Waanzao Kabala

Wako vijana wetu, na hata wazee wa kanisa wawili watatu, ambao siku hizi huuliza habari za Kabala, yaani elimu ya siri ya Wayahudi. Wamekutana na jina hilo katika vijitabu vya Kiingereza, na zaidi katika simu zao za mkononi, ambamo walimu wasiowajua uso huwajibu waanzao. Maswali ni yale yale kila mara. Kabala ni nini? Je, yamfaa mtu asiye Myahudi? Ni kweli kwamba haisomwi mpaka mtu atimize miaka arobaini? Nami nitakuaje kiroho kwa njia hiyo? Majibu nayo ni mepesi, yamepangwa vizuri, na mengi yao huishia katika bei. Hatukukusudia kumkataza mtu asiulize. Tumekusudia kuyapima majibu, kama mwalimu apimavyo madaftari ya watoto, kwa kuyaweka kando ya vitabu vyenyewe vya Kabala na kuangalia kama yafanana.

Tuanze na neno lenyewe. Kabala ni neno la Kiebrania, na maana yake ni kupokea, au jambo lililopokewa. Kwa msemaji wa Kiswahili si geni sana, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na sisi kwa Kiarabu tumelipata neno kukubali. Mzizi ni mmoja. Zamani Wayahudi hawakulitumia kwa mambo ya siri tu. Walimu wao walivihesabu vizazi vya watu walioipokea Torati tangu Musa, kila kizazi kikiwapokeza waliofuata. Mtume Paulo, aliyelelewa miguuni pa Gamalieli, anena kwa desturi hiyo hiyo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, aelezapo kwamba aliyowapa Wakorintho ndiyo aliyoyapokea yeye. Basi hapo pana kipimo chetu cha kwanza. Mwalimu wa Kabala ni mtu aliyepokea kwa mtu, na yule aliyempokeza aliijua tabia yake na nyumba yake. Jibu litolewalo kwa maelfu mara moja, na mtu asiyejua kama amwulizaye ameshiba au ana njaa, laweza kuwa na maneno ya kweli ndani yake, lakini si kupokea.

Waanzao huambiwa pia ya kwamba Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kina umri wa karibu miaka elfu mbili, na kwamba aliyekitunga ni Rabi Shimon bar Yochai, mwalimu wa Galilaya katika karne ya pili. Hapa twasimama, kwa sababu jambo hili lajulikana vizuri. Kitabu hicho kilianza kuonekana katika nchi ya Castile, Hispania, karibu na mwaka 1280, mkononi mwa mtu aliyeitwa Moses de León, ambaye alikuwa akikinakili kidogo kidogo na kuwapa watu. Msomi mmoja, Isaac wa Acre, alifika Hispania mwaka 1305 kutafuta ukweli. Alimkuta Moses, naye akamwapia kwamba kitabu cha kale kiko nyumbani kwake Ávila, na kwamba akifika huko atamwonyesha. Njiani, katika mji wa Arévalo, Moses akaugua akafa.

Hadithi haikuishia hapo. Isaac aliambiwa ya kuwa tajiri mmoja wa Ávila alimtuma mkewe kwa mjane wa Moses, maskini asiyeachiwa kitu, na kumwahidi kumwoza mwanawe kwa binti yake, pasipo kudai mali, ila hicho kitabu cha kale tu. Mjane akaapa ya kuwa kitabu kama hicho hakikuwapo kamwe. Mumewe aliyaandika yote kutoka kichwani mwake. Nalipokuwa akimwuliza kwa nini asitie jina lake mwenyewe, alimjibu kwamba kwa jina lake watu wasingejali wala kulipa, bali kwa jina la Rabi Shimon wangenunua kwa bei kubwa. Habari hii imetufikia kwa midomo mitatu, nasi twajua habari ipitavyo midomo mitatu hata kijijini. Lakini fikiri, msomaji: mjane yule alikuwa na faida yote katika kusema uongo, na arusi ya binti yake ikiwa mezani, naye hakusema.

Katika wakati ulio karibu nasi, Gershom Scholem, mwalimu wa chuo kikuu cha Yerusalemu aliyezaliwa Berlin mwaka 1897, aliyapima maneno ya Zohar moja moja. Mwaka 1925 alikuwa bado hajakubali kwamba Moses ndiye mtungaji. Miaka ilipopita akakubali. Aliona ya kuwa Kiarami chake ni cha mtu aliyejifunza lugha vitabuni, si cha mtu aliyeisema kwa mama yake. Kina makosa ya Kiebrania cha zamani za kati, na nchi ya Galilaya yaelezwa kama na mtu asiyeikanyaga. Wasomi waliomfuata wasema pengine hakuwa Moses peke yake, bali kundi la marafiki. Ugomvi huo hautuhusu sana. Linalotuhusu ni kwamba anayeanza apaswa kuambiwa. Kitabu hakiwi kibaya kwa kuwa kilitungwa Castile. Ndani yake mna kurasa ambazo Scholem mwenyewe, asiye mtu wa kusifu ovyo, alizipenda mpaka kufa kwake mwaka 1982. Lakini mwalimu akikuficha mwaka wa kitabu siku ya kwanza, atakuficha nini siku ya kumi?

Juu ya yaliyomo, majibu mengi hutaja zile sefira kumi, na kuchora mfano wa mti. Mchoro ni mzuri. Tatizo ni kwamba humwacha anayeanza akidhani kwamba ameonyeshwa miungu kumi, au ngazi ya kupandia. Sivyo wasemavyo watu wa Kabala. Wao husema Mungu katika nafsi yake hajulikani kabisa, humwita Asiye na Mwisho. Lakini katika matendo yake hujulikana kwa njia kumi: taji, hekima, ufahamu, fadhili, nguvu, uzuri, kushinda, adhama, msingi, ufalme. Afunguaye Mambo ya Nyakati wa Kwanza 29:11, sala ya Daudi alipotoa mali ya hekalu, ataona ya kuwa majina kadhaa ya haya yametoka pale pale. Hatari ya kuyafanya kumi kuwa wengi iliwatisha hata wenyewe. Abraham Abulafia, aliyezaliwa mwaka 1240, aliwashutumu wenzake kwamba wameshinda Wakristo: hao wana watatu, na ninyi mna kumi. Alisema kwa uchungu, nasi twasoma kwa kicheko kidogo, maana tumeguswa.

Habari ya miaka arobaini yataka neno fupi tu. Amri inayotajwa sana ilitolewa na walimu wa Torati mjini Brody mwaka 1756: Zohar isisomwe kabla ya miaka thelathini, na maandiko ya Isaac Luria yasisomwe kabla ya arobaini. Haikuwa mila ya tangu Musa. Ilikuwa dawa ya jeraha. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi alitangazwa kuwa Masihi, na waliomwamini walitafuta ushahidi katika Kabala. Watu wakaacha kazi na biashara wakingoja kwenda Yerusalemu. Mwezi wa Septemba 1666, mbele ya Sultani wa Waturuki, akasilimu. Aibu ile na mafarakano yaliyozaliwa nayo ndiyo iliyowafanya wazee waufunge mlango. Lakini kama amri hiyo ingalikuwapo mapema, Luria mwenyewe asingaliruhusiwa kuyasoma ya Luria, kwa maana alikufa Safed mwaka 1572 akiwa na miaka 38. Basi jibu la haki si kusema kwamba amri hiyo ni ushirikina wa zamani, kama wasemavyo wauza vitabu, wala kwamba ni sheria ya Mungu. Ni onyo la watu waliokwisha kuona kijiji kizima kikipotea.

Sasa twaja kwetu Wakristo, kwa kuwa liko jibu moja ambalo linatupendeza, na lipendezalo hudanganya upesi. Huambiwa waanzao ya kwamba Kabala yamthibitisha Kristo kwa siri. Neno hili si jipya. Mwaka 1486 Giovanni Pico della Mirandola, kijana wa Italia mwenye miaka 23, alitoa hoja 900 na kuwaita wasomi Roma wajadiliane naye. Moja ya hoja hizo ilidai ya kuwa hakuna elimu ituhakikishiayo Uungu wa Kristo kupita uganga na Kabala. Papa Innocent wa Nane aliuzuia mjadala, na hoja hiyo ikawa miongoni mwa 13 zilizokataliwa. Baada yake Johann Reuchlin, Mjerumani, aliandika ya kwamba ukiitia herufi moja ya Kiebrania, shini, katikati ya zile herufi nne za Jina la Mungu, wapata jina Yesu.

Jambo hili twalipima kwa tahajia tu. Yesu kwa Kiebrania huandikwa Yeshua, na jina hilo huishia kwa herufi aini, ambayo haimo katika Jina lile la herufi nne. Reuchlin ameandika jina ambalo hakuna mama wa Nazareti aliyemwita mwanawe kwalo. Wako wahubiri kwetu wapendao hesabu za namna hii, nao husikilizwa kwa shauku, kwa kuwa ni tamu. Hata hesabu za Wayahudi wenyewe ni tamu: neno upendo kwa Kiebrania lina hesabu ya 13, na neno mmoja lina 13, na zikijumlishwa ni 26, ambayo ndiyo hesabu ya Jina la Mungu. Wayahudi huifurahia hesabu hiyo kama mtu afurahiavyo kitendawili kizuri, baada ya kwisha kuamini kwamba Mungu ni mmoja. Kuijenga imani juu yake ni kujenga juu ya kitendawili. Na tena ni kuingia shambani mwa jirani usiku, na kudai asubuhi ya kuwa mazao ni yako. Reuchlin tumsifu kwa jambo jingine: mwaka 1510 na baadaye, wengine walipotaka vitabu vya Wayahudi vichukuliwe na kuharibiwa, yeye alisimama kuvitetea, na akapata taabu nyingi kwa hilo.

Juu ya uzi mwekundu ufungwao mkononi ili kuzuia kijicho, ambao huuzwa pamoja na masomo, hatuna mengi. Nyuzi za namna hiyo huzungushwa kwenye kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu, kisha hukatwa na kugawiwa. Lakini katika maandiko ya kale ya walimu wa Torati, kufunga uzi mwekundu kidoleni kumehesabiwa miongoni mwa desturi za Waamori, yaani za mataifa, ambazo Israeli waziepuke. Aliyevua hirizi siku ya ubatizo hana sababu ya kununua nyingine kwa fedha ya kigeni.

Limebaki swali lililo zito, nalo ni la kukua kiroho. Hapa ndipo majibu ya siku hizi yapunguavyo kabisa, na hapa ndipo vitabu vya zamani vilivyo tajiri. Ajibuye humwambia anayeanza ya kuwa atapata utulivu, atapata nuru, atajijua nafsi yake, atafanikiwa. Yote ni kupata. Lakini watu wa Kabala mara nyingi husema kushikamana, neno walilolitoa katika Kumbukumbu la Torati 11:22, na wakauliza: mtu wa udongo atashikamanaje na Mungu? Jibu lao ni kwamba atafanana naye kwa matendo.

Kitabu kilicholieleza neno hili kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kidogo hata kingeingia katika mfuko wa shati. Chaitwa Mtende wa Debora, kwa kumkumbuka yule mwamuzi aliyeketi chini ya mtende, katika Waamuzi sura ya 4. Mtungaji ni Moses Cordovero, aliyeishi Safed, mji ulio mlimani kaskazini ya ziwa la Galilaya, akafa huko mwaka 1570 akiwa na miaka 48. Wayahudi wengi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na watoto wao, walikuwa wamekusanyika katika mji ule. Cordovero alikuwa ameandika vitabu vikubwa sana juu ya sefira, vya kuumiza kichwa. Katika hiki kidogo aliuliza swali moja tu: kama hizi ndizo njia za Mungu, mimi nifanyeje kesho asubuhi?

Huanza na mistari mitatu ya mwisho ya kitabu cha nabii Mika, 7:18 hata 20, na humo ahesabu rehema kumi na tatu za Mungu. Ya kwanza ndiyo iliyotushika zaidi. Cordovero asema ya kuwa mtu atendapo dhambi, mkono wake hauwezi kusogea pasipo nguvu atokayo kwa Mungu. Na Mungu, atukanwapo kwa nguvu zake mwenyewe, hazizuii. Angeweza kuukausha mkono ule, naye hafanyi hivyo, bali hungoja. Kisha amgeukia msomaji: nawe ufanye vivyo hivyo kwa yule akutukanaye hali akila chakula chako. Tumesoma mahubiri mengi juu ya uvumilivu wa Mungu, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Machache yaliingia ndani ya mfupa kama ukurasa huu.

Baadaye ashuka sefira moja moja. Kwa taji, asema mtu awe mnyenyekevu, masikio yake yageuke na kuyaacha masengenyo, na uso wake uwe mkunjufu kwa kila ajaye. Kwa hekima, mtu awahurumie viumbe vyote. Asing'oe mmea wala asiue mnyama pasipo haja. Afikapo kwenye fadhili ataja kazi ambazo kila mama wa kijiji azijua: kumtunza mtoto aliyezaliwa, kumzuru mgonjwa, kumpa maskini, kumkaribisha mgeni, kumwosha na kumzika maiti, kumpeleka bibi arusi, kuwapatanisha waliogombana. Ndizo siri zake. Na katika kila moja aeleza ya kuwa tendo la chini linagusa jambo la juu. Hapo ndipo msomaji Mkristo asimame kidogo, kwa maana Cordovero aamini ya kuwa tendo la mtu huleta baraka katika ulimwengu wa juu kwa njia ambayo sisi hatukufundishwa. Tofauti hiyo isifunikwe kwa adabu. Lakini orodha ya kazi ni ile ile ambayo mwisho wa Mathayo 25 yatungoja.

Twajua ya kuwa wengi wa wajibuo leo ni wanafunzi, au wanafunzi wa wanafunzi, wa Yehuda Ashlag, aliyezaliwa Poland mwaka 1885 akafa mwaka 1954, aliyeifasiri Zohar kwa Kiebrania na kuieleza. Ashlag alifundisha ya kuwa mtu ameumbwa kuwa hamu ya kupokea, na kazi yake yote ni kuigeuza hamu ile hata apokee ili atoe. Ni fundisho lenye nguvu, na lalingana na jina la Kabala lenyewe. Yeye alikuwa mtu wa Torati na amri zake, mwenye kushika Sabato, na alitaka kuwafungulia watu wa kawaida mlango. Katika kupita kwa mikono, nusu ya pili imeanguka njiani. Tumesoma vijitabu ambamo kupokea kumeelezwa kurasa thelathini, na kutoa kumetajwa penye anwani ya kupeleka fedha.

Scholem je? Kitabu chake kikuu, chenye sura tisa, kilitolewa mwaka 1941 kutokana na mihadhara ya New York ya mwaka 1938. Ni kitabu cha kweli, na atakaye historia hana budi kukisoma. Alidhani kwamba fundisho la Luria, la vyombo vilivyovunjika na cheche za nuru zilizotawanyika, lilizaliwa na uchungu wa kufukuzwa Hispania. Moshe Idel alilipinga neno hilo mwaka 1988, nasi twamwona ana haki kuuliza ushahidi, kwa maana Luria alizaliwa miaka 42 baada ya kufukuzwa kule. Hata hivyo Scholem ni kama mpima ardhi: akuonyesha mipaka yote ya shamba, lakini hakuambii kulima. Kwa hiyo hatumpi anayeanza kitabu hicho kwanza.

Basi Mkristo aulizaye asome au asisome, twamjibu hivi. Asome Mika sura ya saba mpaka mwisho, polepole, mara mbili. Kisha atafute Mtende wa Debora. Louis Jacobs alikifasiri kwa Kiingereza, kikatolewa London mwaka 1960, na sura ya kwanza yatosha kwa mwezi mzima. Zohar aiache mpaka ampate Myahudi mwenye elimu wa kumsomesha, amwonaye uso kwa uso. Na akiombwa fedha kabla ya kufundishwa jinsi ya kumsamehe jirani, afunge kitabu arudi shambani.